Olima Alivyofungiwa Maji

Beryl yawa, jamani, hebu sikia haya.

Unajua Olima, mume wa dada Akello, anavyokunywa maji huko machimboni na kukojoa kila mara. Walimpima kisukari, hana.

Sasa Anold, mwenye duara, lile shimo la dhahabu analochimba Olima, akamfungia maji. Akayafungia stoo kwa kufuli, Beryl! Eti "huyu anatukojolea bahati, dhahabu inakimbia." Jua lile! Na wenzake wanacheka.

Kiu ikamzidi, akainama akanywa maji ya kuoshea dhahabu. Yale matope yenye zebaki. Aliyanywa!!

Akello alimkuta amelala chini, midomo imepasuka, anaongea ovyo. Akampakia bodaboda hadi hospitali Mugumu. Daktari akasema amepungukiwa na homoni ya ubongoni, ile inayoziambia figo zibakize maji mwilini. "Kumnyima huyu maji ni kumuua."

Ameanza dawa, leo anatutambua.

Ndipo Anold akaja wodini. Nikadhani kaleta pole. Akamuuliza Akello, "Sasa mkojo ukikata, anarudi kazini lini?"

Akello akamtemea mate viatuni.