Mstari wa Chokaa

Furaha mjukuu wangu,

Huku Brussels hatujambo. Goti linamsumbua bibi yako, lakini misa haikosi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza uanzie wapi kulipanga duka alilokuachia marehemu mama yako, na rangi umeshanunua.

Bon. Ujana wangu nilifanya kazi mtaa wa Saint-Gilles, kwenye stoo ya chini ya Maman Lisette, muuza bia. Akiba yake kubwa ilikuwa lambiki, bia chachu ya huku, ambayo hulazwa kwa ubavu miaka kama mvinyo. Chupa zake hazikuwa na lebo, ila mstari wa chokaa ubavuni. Mimi nikaona uchafu. Nikachukua kitambaa na maji, nikazing'arisha zote nikitegemea sifa.

Aliposhuka akakaa juu ya kreti. Kisha akasema, "Mstari ule ulituonyesha upande wa juu. Machicha yamelala chini. Ukiigeuza chupa, bia inavurugika." Siku nzima tulimulika chupa moja moja kwa mshumaa, tukitafuta machicha yalipolala, na brashi ya chokaa akanishikisha mimi. Mpaka leo nikinunua lambiki, naangalia ubavu kwanza.

Unasema mama yako alijaza ukuta alama za chaki ambazo huzielewi. Usipake rangi bado. Zipige picha unitumie. Kuandika nilimfundisha mimi, huenda nitazisoma. Na nikishindwa, angalau nitauona tena mwandiko wa binti yangu.

Babu yako