Walisema Wamezoea

Jumamosi, mwezi wa tatu. Mvua imepiga tangu alfajiri, kisha jua likatoka kana kwamba halina habari. Nguo nilizofua jana bado mbichi kambani, ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa huku ukingoni, na mimi nimekaa barazani na sahani ya wali ambayo imeshapoa.

Leo sina kizuri cha kusema juu yangu.

Tangu nihamie Kigoma kuna swali moja naulizwa na kila mtu. Muuza samaki wa migebuka ananiuliza, fundi cherehani ananiuliza, mama mwenye nyumba ananiuliza hata kabla ya kodi. "Umeshazoea?" Nami hujibu nimezoea. Nimezoea joto, nimezoea mawese kwenye maharage, nimezoea kulala na feni inayolia. Uongo mtupu. Mimi ni mtu wa Njombe, nimekulia kwenye ukungu na sweta, na huku hata kivuli kinanitoa jasho. Lakini ukijibu "bado", mtu atataka kujua kwa nini, na mimi sipendi kuulizwa. Napenda kuuliza.

Kuuliza ndiyo kazi yangu. Natathmini miradi ya shirika letu, yaani naangalia kama yale tunayowafanyia watu yanawasaidia kweli au tunajifurahisha. Ukitaka kunikera, niambie mradi unasaidia halafu usinionyeshe ushahidi. Ofisini wananitania, wananiita Mama Ushahidi, na huwa nacheka, ila moyoni napenda jina hilo kuliko langu.

Mradi wenyewe ni wa familia za wanajeshi. Kuna wanawake hapa mjini na Ujiji ambao waume zao wako ng'ambo ya ziwa, kwenye kazi ya kulinda amani. Kila Alhamisi wanakutana kwenye ukumbi mdogo Ujiji na mshauri wetu, Dada Zaituni. Wanakaa kwenye mkeka, watoto wanacheza nje, wanazungumza. Utaratibu huo haukubuniwa huku. Umejaribiwa nchi nyingine, umepimwa, umethibitishwa kwamba unasaidia, na maswali ya kuupima yalikuja nao. Mimi ndiye niliyeyatafsiri.

Kulikuwa na sentensi moja iliyonisumbua. Ilitaka kujua kama mwanamke ameweza kuyapanga upya maisha yake wakati mwenzake hayupo, kama amesimama vizuri. Nilikaa nayo mchana mzima. Nikaandika: "Nimezoea maisha ya mwenzangu kuwa mbali." Mtu achague: hapana, kidogo, sana, kabisa. Nilijisifu. Fupi, tamu, hata asiyesoma akisomewa anaelewa.

Mwanzoni mwa mradi wengi walichagua kidogo. Mwezi uliopita tuliporudia, karibu wote walisema kabisa. Mstari ukapanda vizuri sana kwenye skrini mkutanoni. Nikaandika pendekezo kwa mkono wangu: familia za hapa zimeimarika, kwa hiyo mshauri ahamishiwe mkoa wenye uhitaji zaidi. Mratibu akafurahi, maana alikuwa anatafuta mshauri wa kupeleka huko. Jana jioni Dada Zaituni aliambiwa afungashe. Alhamisi ijayo ukumbi haufunguliwi. Wanawake wenyewe hawajaambiwa bado.

Leo asubuhi, mvua ilipopungua, nilikwenda Ujiji kwa Mama Yusra. Nilikwenda kutafuta hadithi ya mafanikio. Ripoti zetu huwekwa picha ya mtu mmoja aliyefanikiwa, na Mama Yusra ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote. Kila swali kabisa, kabisa. Nilimchagua kama mtu anavyochagua nyanya sokoni.

Nikakuta bahati, au niliona ni bahati. Mume wake yupo. Alifika juzi kwa likizo fupi. Mtu mrefu, mpole, amevaa suti ya michezo na kandambili mpya, amekaa kwenye mkeka na paketi ya biskuti mkononi. Mbele yake, nyuma ya pipa la maji, alikuwa amejificha Yusra, mtoto wao wa miaka sita.

Baba alikuwa anambembeleza. Akitikisa paketi, mtoto anachungulia. Akimwita, mtoto anarudi nyuma ya pipa. Mama akamwambia amsalimie baba. Yusra akatoka, akasema "Shikamoo" kwa adabu zote, akapokea biskuti kwa mikono miwili kama anavyopokea kwa mgeni, akaenda kukaa kizingitini.

"Hajamzoea," mama yake akaniambia, kama anayeomba radhi.

Nikacheka kile kicheko cha ofisini. Nikasema atamzoea tu, watoto ndivyo walivyo.

Yule baba akatabasamu. "Akianza kunizoea, dada yangu, likizo imekwisha," akasema. Kisha akainuka, akasema anashuka ufukweni kutafuta samaki wa mchana, akatoka. Alipopita kizingitini alitaka kumshika mtoto kichwa, akaghairi.

Hapo ndipo lile neno lilipoanza kunichoma. Sikuwa nimewahi kulisikia mfululizo hivyo, kwa maana ambayo si ile ya swali langu. Tunasema mtoto amemzoea mtu, yaani amemwamini, anamkimbilia. Tunasema pia mtu amezoea shida. Neno ni lilelile. Nimelizungumza tangu nianze kuongea na sikuwahi kuliangalia usoni.

Mama Yusra alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Yusra kumzoea baba yake hajamzoea," alisema. "Alichozoea ni kutokuwepo kwake. Zamani simu ikilia alikuwa anakimbia, anataka kumwona baba kwenye kioo. Sasa hivi simu ikilia anaendelea kucheza. Wala halii. Watu wananisifu nina mtoto mtulivu."

Nikauliza, na yeye je.

Alitupa shina la mchicha pembeni. Kisha akasema kwamba tangu mume arudi hajalala kitandani. Anasubiri mume apitiwe na usingizi, anachukua khanga, anakwenda kulala na mtoto. Mume hajamkosea kitu, wala yeye hamchukii. Mwili tu unakataa mtu pembeni. "Wa kwenye simu nimemzoea," alisema. "Huyu wa humu ndani simjui tena vizuri. Naona haya kama bibi harusi, na bibi harusi si mimi."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwa nini basi alisema amezoea kabisa.

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ndivyo ilivyo? Nimezoea. Tena kabisa. Ulitaka niseme nini?" Halafu akanieleza jambo ambalo kila mke wa askari analijua na Mama Ushahidi hakulijua. Mke mpya akiingia, wenzake wakubwa humfundisha jibu mapema. Ukiulizwa na yeyote habari ya mume kuwa mbali, sema tumezoea. Ukilalamika, maneno yatasafiri, yatafika kwa wakubwa wa mumeo, na yeye ataonekana ana nyumba isiyotulia. Tumezoea ni neno la kufungia mlango. Ukishalisema, anayeuliza anaondoka.

Nami niliyeuliza niliondoka nalo, nikalichorea grafu.

"Kwa Dada Zaituni ndiko tunakosema mengine," akaongeza. "Kule hakuna anayekubali tumezoea. Ukisema tumezoea anakuambia, ego, ndiyo, nimesikia, sasa niambie jingine." Akacheka kidogo. "Hili la kulala nalisubirisha Alhamisi. Nitamuuliza yeye nifanyeje kabla mume hajarudi kazini, maana akiondoka hivi, sijui akirudi tena itakuwaje."

Alhamisi.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Mdomo ulikuwa wangu, maneno yalikuwepo, mume hayupo, mtoto yuko kizingitini anakula biskuti. Nilinyamaza. Nilijiambia si mahali pangu, taarifa rasmi itatoka ofisini. Huo ni woga, nilijua ni woga hata nilipokuwa nauita utaratibu.

Na bado sijasema lililo baya zaidi. Baba aliporudi na migebuka yake, nilipiga picha. Nilikuwa nimeijia picha na nikaipiga. Nikawapanga mbele ya mlango, nikawaambia sogeeni. Mama akasogea. Yusra akabaki hatua moja pembeni, mikono nyuma, anatazama simu yangu kwa heshima. Nikasema asanteni, imetoka vizuri.

Nimeiangalia hiyo picha mara nyingi tangu nirudi. Ukiipeleka popote wataona familia iliyoimarika.

Mchana nilimpigia mratibu. Nilimweleza taratibu, kwamba neno nililolichagua halipimi tulichotaka kupima, kwamba huenda mstari ule uliopanda ndio uliotakiwa kututisha. Alinisikiliza, sitamsingizia. Akasema ripoti imeshatumwa, imebaki picha tu, na imewapendeza waliotupa fedha. Akasema neno moja haliwezi kuangusha tathmini nzima, tutalirekebisha awamu nyingine. Akasema nimefanya kazi nzuri, nipumzike.

Nikiri. Kwa kitambo kidogo nilisikia nafuu. Nilitamani sana awe amesema kweli. Neno moja tu, nani atalijua? Mkataba wangu unafikiriwa mwezi ujao, na mtathmini anayekuja kusema kipimo chake kilikuwa kibovu si mtu wa kuongezewa mkataba. Nilikata simu, nikaenda kuanua nguo zile mbichi, nikazirudisha kambani, sijui nilikuwa nafanya nini.

Nikiwa kambani, jirani yangu Mama Furaha alikuwa upande wa pili wa ua wa michongoma, anapika. Ni mama wa makamo, wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani, na ananiita binti yake ingawa hatupishani sana. Akaniona nilivyosimama.

"Ulishazoea Kigoma yetu, binti yangu?" akauliza, kama kila siku.

Sijui kilichonipata. Nikasema, "Bado, mama."

Tangu nifike sikuwa nimewahi kulitoa jibu hilo. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Alifunika sufuria, akapita penye uwazi wa michongoma na kigoda chake, akakiweka karibu na kamba yangu, akakaa. Nami nikakaa chini kwenye saruji. Nikalia, mtu mzima mimi, na pegi za nguo mkononi. Alikaa tu, akiniambia pole kila baada ya muda. Alipoondoka aliniachia huu wali ambao bado haujaliwa.

Baada ya hapo nilifungua kompyuta, nikaandika barua pepe kwa mratibu na kwa wakubwa wake, majina yote pamoja. Nikaandika kwamba pendekezo la kumhamisha mshauri lilitokana na kosa langu la tafsiri, kwamba kusema umezoea na kusema uko salama ni vitu viwili, na kwamba naomba Dada Zaituni asiondoke mpaka tuwasikilize hawa wanawake upya. Nilitaka kuandika "kosa letu". Nikalifuta, nikaandika "langu". Nikaituma kabla sijaanza kuipamba. Picha ya Mama Yusra sikuiambatanisha. Nimeifuta.

Hakuna aliyejibu. Ni Jumamosi, na hata ingekuwa Jumatatu sina uhakika. Nilimpigia pia Dada Zaituni. Alisema ameshafunga begi moja, la pili analiacha wazi kwa sababu yangu. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu, ningepata pa kushikia.

Sasa jua linashuka ng'ambo, wavuvi wanapakia taa zao, wanajiandaa kutoka, na mimi ninajiuliza ni ripoti zangu ngapi nyingine zina neno la kufungia mlango ambalo nililichukua nikidhani ni mlango uliofunguliwa. Nimefanya kazi hii sehemu nyingi. Watu wengi wameniambia hawajambo.

Huenda barua ile ikazaa kitu, huenda isizae. Hilo halimo mikononi mwangu tena. Lakini Mama Yusra anasubiri Alhamisi, na kama mlango utafungwa, asiukute umefungwa akiwa peke yake na swali lake mdomoni.

Kesho nikitoka kanisani nitashuka Ujiji. Nitamwambia kwamba huenda Dada Zaituni hatakuwepo, na kwamba aliyesababisha ni mimi, kwa kulichukua vibaya neno lake mwenyewe. Sitabeba karatasi ya maswali. Najua atakachonijibu, maana amefundishwa vizuri. Ataniangalia kwa upole, ataniambia nisijali, wao wamezoea.

Safari hii sitaondoka. Nitakaa.