Namba Yenye Mti

Jumamosi, 7 Oktoba 2023

Nimenunua gari! Subaru ya bluu, ya mzee mmoja wa Salem, kule Oregon, na mkewe, wameacha kuendesha. Dola elfu kumi na moja. Akiba yangu yote imekwenda, lakini ningefanyaje? Lile la zamani lilikufa barabarani, na wazee ninaowaogesha na kuwapikia wanakaa huko juu milimani, basi halifiki. Bila gari sina kazi.

Sasa hii kodi. Oregon ukinunua kitu unalipa bei yake, umemaliza. Lakini nikilisajili huku kwetu jimbo la Washington wanataka karibu dola elfu moja juu yake. Ya nini? Limenunuliwa ng'ambo ya mto, huku hawajagusa hata tairi! Nikampigia mdogo wangu Corinne, yuko Portland, upande wa Oregon, ukivuka daraja tu umefika. Hata sikumaliza kueleza. Dada, andika jina langu na anwani yangu, nusu ya mtaa wenu wanafanya hivyo.

Kweli wanafanya. Basi tumesaini karatasi mezani kwake, eti gari ni lake, na kadi ya gari ina jina lake. Ufunguo wa pili nimemwachia, ikitokea nimeupoteza wangu.

Alikubali upesi mno. Corinne, ambaye hata mwavuli anakuazima kwa manung'uniko! Lakini ni mdogo wangu, nimemlea mimi. Watu wa kuogopa ni wengine.

Jumapili, 8 Oktoba

Kama huyu Haugland. Jirani wa mkono wa kushoto, mstaafu wa posta, hana kazi ila kupuliza majani kwa ile mashine yake ya makelele. Leo kapuliza mpaka kwenye gari langu, kazima mashine, kainama mbele ya namba. Una mgeni, Marlys? Nikamwambia gari la mdogo wangu, kaniazima. Akaangalia tena.

"Namba nzuri. Ina mti."

Ina mti! Namba za Oregon zina picha ya mti pale katikati, hapa mjini kwetu Vancouver hakuna asiyejua. Na hakuna asiyejua kwamba kuna ukurasa mtandaoni wa kumchongea serikalini jirani mwenye namba za nje ya jimbo. Sasa mti ameutajia nini? Ana lake jambo huyu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimepata akili. Naegesha kinyumenyume, namba imegusana na mlango wa gereji iliyojaa makorokoro yangu, kunguru tu ndiye atakayeisoma. Nikaingia ndani naimba.

Baadaye natazama dirishani — na mbele nako kuna namba! Mti ule ule, unatazama barabarani. Gari lina namba mbili, mwanamke nina miaka hamsini na tisa, nalijua leo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Haugland kapiga picha. Nimemwona kwa macho yangu! Eti anapiga boga lake alilochonga kwa Halloween, ile sikukuu ya watoto kuvaa barakoa na kuomba peremende. Boga liko ngazini kwake, simu imeelekea kwangu.

Nimempelekea keki ya tufaha. Kaila kwa furaha, kavuta kiti, kaniuliza huyu mdogo wako mbona haji kuchukua gari lake. Nimetapeliwa keki.

Jumapili, 22 Oktoba

Corinne alikuja jana kwa basi, kalichukua gari. Ana mihangaiko yake, kesho narudisha. Ningekataaje? Karudisha jioni hii wakati mimi niko kanisani, kaniachia ujumbe tu. Tangi tupu. Na kiti kimesukumwa nyuma kabisa, miguu yangu haifiki pedali. Corinne ni mfupi kuliko mimi!

Nimempigia. Kacheka. Dada, wewe hata kivuli chako unakishuku.

Labda ni kweli. Siku hizi najihisi mgonjwa wa kuchungulia.

Jumanne, 31 Oktoba

Watoto wamekuja na barakoa zao, peremende zimekwisha mapema. Halafu hodi — Haugland, bakuli la chokoleti mkononi, kofia ya mchawi kichwani. Nikasema leo ndiyo leo, nikamkabili hapo hapo mlangoni. Umenichongea?

"Mimi?" Kacheka mpaka kofia ikaanguka. "Jirani, hivi unadhani chini ya lile turubai langu kuna nini?"

Kule nyuma kwake. Miaka yote nilidhani ni kuni. Kumbe ni nyumba ya magurudumu, ile ya kusafiria, na ina namba za Montana, jimbo jingine lisilotoza kodi ya kununua!

"Montana sijalala hata usiku mmoja. Nikuchongee wewe ili waje wanikute na mimi?"

Aibu gani hii. Nikamkaribisha chai. Tumecheka kama wezi wawili. Kisha akaniuliza, kwa wema tu: yule bwana mrefu analinunua? Bwana yupi? Yule aliyekuja na mdogo wako Jumapili ile. Alilipiga picha pande zote, akafungua boneti, akalala chini kutazama uvungu.

Chai ilinishinda. Kiti! Yule ndiye mwenye miguu.

Alhamisi, 2 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda ofisi ya magari kulisajili. Nilipe kodi yao, nilale. Nimesimama dirishani na kitabu changu cha hundi kama mwananchi mwema.

Binti wa dirishani kaangalia kadi. Corinne Thibodeaux ndiye wewe? Ni mdogo wangu. Basi aje, au aweke sahihi hapa kwamba amekupa au amekuuzia. Lakini gari ni langu! Kanitazama kwa huruma. Mama, hapa sioni jina lako popote.

Nimempigia Corinne mara nne. Ya tano kapokea, nyuma yake nasikia mwanamume anaongea. Nitasaini, dada, subiri sikukuu zipite. Una haraka gani? Kwani gari linakwenda wapi?

Swali hilo silipendi. Nimlaumu nani? Haugland nilimchunga wiki tatu nzima, na ufunguo nilimpa Corinne kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatano, 8 Novemba

Gari halipo.

Nimetoka asubuhi na mfuko wangu wa kazi, naona saruji tupu na doa la mafuta. Nimekaa kwenye ngazi. Bibi Aldrich kule juu milimani ananisubiri nimwogeshe, na mimi nimekaa kwenye ngazi.

Haugland katoka mbio na kandambili. Kawaona! Mwanamke mfupi, yule mrefu, hawakuwasha hata taa. Nimeshapiga simu polisi, jirani, usiogope. Kapiga yeye! Wala hakuniuliza.

Sasa polisi yuko sebuleni. Kijana mpole, kavua viatu mwenyewe. Kauliza gari la nani. Kabla sijafungua mdomo Haugland kanisaidia. La mdogo wake, afande, alimwazima, aliniambia mwenyewe tangu siku ya kwanza. Na akanikonyeza! Anadhani ananiokoa na kodi.

Polisi kaacha kuandika. Kama mwenye kadi kachukua gari lake, mama, hapo wizi uko wapi?

Nikasema ngoja nilete kahawa. Niko jikoni, naandika nimesimama. Nikisema la mdogo wangu, limekwenda. Nikisema langu, niseme pia kwa nini lina mti, na jina la nani, na nani alisaini nini mezani kwa Corinne. Mimi na yeye tulisaini tukicheka.

Kahawa iko tayari. Nasikia Haugland anamsimulia kuhusu keki yangu.

"Mama," polisi anaita, bila haraka. "Nikuulize tena kidogo. Gari ni la nani?"