Aliyekula Muda wa Prosesa

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaondolewa kwenye timu yetu. Mdogo wake mke wangu, na ni mimi niliyemtafutia kazi hii! Mwezi ukiisha, kazi basi. Kisa: programu yake ya kupanga picha inakula muda wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mpaka mashine za wateja zinajikokota. Takwimu nilizipeleka mimi mkutanoni. Takwimu hazina undugu, nilisema. Watu wakacheka. Yeye akainama.

Mke wangu kaniwekea chai, kaenda zake chumbani.

Jumatano, 6 Machi

Kuna kitu hakikai sawa. Nimezima kabisa programu ya Shemeji — mashine bado inajikokota! Na kerneli, kile kiini cha mfumo kinachotupa hizo takwimu, inadai prosesa imelala. Imelala vipi huku feni inanguruma?

Alhamisi, 7 Machi

Nimelipata! Kerneli yetu haipimi muda, inachungulia tu. Kila mpigo wa saa yake ya ndani, inatazama nani yuko kwenye prosesa, halafu inambebesha huyo muda wote tangu mpigo uliopita. Kama mwalimu anayefungua mlango wa darasa ghafla: aliyesimama ndiye mpiga kelele.

Sasa kuna programu fulani inaamshwa na mpigo wenyewe. Inaingia, inakula hadi inashiba, inatoka kabla ya mpigo unaofuata. Ya Shemeji iko foleni, inasubiri zamu yake. Inaingia tu — mpigo huo! Inakutwa mlangoni, inaandikiwa mlo mzima wa mwenzake. Nilipoizima, mpigo haukukuta mtu, ndiyo maana kerneli ikadai prosesa imelala.

Nikapiga meza kwa furaha, jirani yangu akauliza kulikoni. Furaha yenyewe haikufika hata mchana. Nilimsema mtoto wa watu mbele ya kadamnasi kwa kipimo ambacho sikuwahi kukikagua.

Ijumaa, 8 Machi

Kiraka nilichoishonea kerneli kurekebisha kipimo kimekubali. Kerneli sasa inasoma saa kila programu inapoingia na kila inapotoka. Ya Shemeji inakula kidogo mno, hata haya inaona.

Mlaji ni ile ya kukagua afya ya mashine. Yangu! Niliiandika mwenyewe, nikaisifia wepesi, nikawapa wenzangu waige. Kikulacho ki nguoni mwako — wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini walijua.

Nikaenda kwa meneja. Kiraka kimempendeza. Nikamwambia basi Shemeji hana kosa. Akasema barua imeshatoka, wakubwa wameshatia saini, yaliyopita si ndwele. Hakuuliza mlaji ni programu ya nani. Nami sikusema. Nilisema asante! Asante ya nini?

Jumamosi, 9 Machi

Sijala vizuri. Mke wangu anadhani ni malaria.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amekuja. Nilijiandaa kwa lawama, hata ningezipokea kwa mikono miwili. Kumbe amekuja kuniomba radhi. Eti ameniaibisha, nilimshika mkono kumwingiza kazini, naye akaniangusha. Alisema huku anatazama zulia. Mke wangu akawa ananitazama mimi.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni, "Usijali, shemeji."

Usijali! Mimi ni mtu wa namna gani?

Akaendelea. Ile programu ameifuta yote. Kazi ya miezi, kaifuta, anaanza upya ili akipata kazi kwingine asirudie kosa. Amekuja na kompyuta yake. Anaomba tukae wote, nimfungulie ile yangu ya kukagua afya ya mashine, mstari kwa mstari, aone programu nyepesi huandikwaje. "Nataka nijue nilikosea wapi," alisema.

Nikamwambia anisubiri kidogo, nafuata miwani chumbani. Ndiko niliko. Namsikia anamwambia dada yake asogeze vikombe, leo anafundishwa na fundi mwenyewe. Mke wangu ameniita mara mbili, ya pili kwa sauti ile yake ya chini. Nimejibu kwamba bado natafuta.

Miwani ninayo usoni.