Kimo cha Mzee Machage

Jumatatu, 2 Februari 2026

Mwongozo mpya wa ultrasound ya moyo umeanza leo kazini kwetu. Kurasa kibao! Kwisha habari ya kuandika "moyo umepanuka kidogo" halafu basi. Kila kipimo sasa kigawanywe kwa ukubwa wa mwili, maana moyo wa pande la mtu si moyo wa mtu mfupi. Bila uzito na kimo, ripoti haitoki. Nimeupenda. Nilitaka kumsimulia mtu — nani? Mtaa mzima wa Mukendo hapa Musoma namfahamu mama muuza sangara tu, naye kaniuliza nataka kichwa au mkia.

Jumatano, 4 Februari

Balaa! Kaletwa Mzee Machage, mkulima wa Butiama. Miguu imevimba, pumzi kwa shida. Picha za moyo nikachukua. Uzito tukaupata akiwa kwenye kiti cha mizani. Kusimama hawezi. Basi mimi na akili zangu nikamlaza chali, nikavuta futi ya fundi cherehani kutoka utosini kwenda kisiginoni. Mkewe, Mama Wankyo, akapiga yowe.

"Kwetu anayepimwaga amelala ni maiti! Unampimia jeneza?"

Futi ikanidondoka hata sijaisoma. Mdogo wa mzee, Mugeta, akambeba kaka yake, wakaondoka. Na hata kwetu Shinyanga maiti hupimwa hivyo hivyo. Sikuwaza kabisa!

Alhamisi, 5 Februari

Moyo wa mzee umechoka sana. Hospitali ya Mwanza watampokea, ila wanataka ripoti kamili. Dokta Emanuel kasema niandike mita moja na sabini, nani atajua? Nimekataa. Mwongozo umeletwa kuzuia hayo hayo. Kaniita mjuaji. Chai nimekunywa peke yangu, na mashine.

Jumapili, 8 Februari

Nimepiga simu Butiama. Mugeta kakata. Nina upweke, nisijidanganye.

Jumatatu, 9 Februari

Mama Wankyo kaja! Peke yake. Yuko nje kwenye benchi sasa hivi, nimemwomba apumzike, tutarudia kupima. Ripoti iko wazi mbele yangu, sehemu ya kimo tupu.

Anasema mzee sasa analala amekaa, akijinyoosha anakosa pumzi. Kupimwa tena ndugu hawataki hata kusikia. Lakini yeye anamjua.

"Akisimamaga nyuma yangu, kidevu kinakaa hapa." Akavua kilemba, akagusa utosi. "Nipime mimi, mwanangu. Mimi nimesimama."

Nikampima ukutani. Halafu? Mwongozo hauna kipengele cha kidevu!

"Njoo nyuma. Weka cha kwako."

Nikaweka, kikaishia kisogoni. Akasema bado, panda. Nikanyanyua visigino.

"Panda tena kidogo. Hapo! Hapo ndo yeye."

Akaishika mikono yangu, akaiweka mabegani kwake. Nywele zake zilinukia moshi wa kuni. Tangu nihamie Musoma hakuna mtu aliyenisogelea hivyo. Futi ilikuwa mezani. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwita Enos wa mapokezi aje anipime pale pale nilipofika. Mlango ulikuwa wazi, nikimsikia anacheka na simu yake.

Sikuita. Nikajiambia ngoja kidogo. Nikajiambia tena ngoja. Vidole vya miguu vikaanza kutetemeka, visigino vinarudi chini, kimo cha mzee kinapungua, na mimi bado sijaita.