Sina Siku ya Kuokoka

Jumapili, 2 Machi
Nimetafsiri tena, ibada zote mbili. Koo linauma. Pasta anahubiri kwa Kiingereza, mimi nasimama kando yake nageuza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanaovuka daraja kutoka Kongo na wachuuzi wa soko la Mpondwe. Shule ya msingi nilisoma Kenya. Tulipohamia hapa Bwera, Uganda, Kiswahili kikawa kazi yangu. Akipaza sauti, napaza. Akiruka, siruki. Hapo tu ndipo nimemkatalia.
Leo tena habari za ujana wake Masaka. Nilikuwa mlevi, nililala mtaroni, Yesu akaniokoa. Mkalimani hasemi "yeye alikuwa". Anasema "nilikuwa".
Nimekula bundu, ugali wa muhogo, uliopoa, nikalala mchana wote.

Jumanne, 4 Machi
Vijana wa boda wameanza tena. "Sista Nekesa, pombe ya waragi uliacha kweli?" Mwenzake akamjibu, "Mwache, huyo aliokotwa mtaroni Masaka." Nimeinamisha kichwa nikapita. Masaka sijawahi kufika.
Jioni Mama amerudi kutoka sokoni, ananuka samaki wa chumvi, kwapani kitambaa cheupe. Ubatizo ni tarehe 16, mto Lhubiriha. Na mimi nimo. Hakuna aliyeniuliza. Pasta amemwambia, huyu mtoto ameokoka kitambo, sote tumemsikia akisema. Mama amekwisha kumpigia Baba, naye ameomba ruhusa kwenye kiwanda cha saruji kule Hima. Mama anakata kitambaa huku anaimba. Nikamshikia ncha ya kitambaa akate. Mimi hata maji ya kunywa kwa watu naona aibu kuomba.

Alhamisi, 6 Machi
Kwetu habatizwi mtu bila ushuhuda. Unasimama ukingoni, unataja siku uliyookoka, mahali, na hali uliyokuwa nayo. Mama ana siku yake, Busia, kisimani. Hulia kila akiisimulia. Pasta ana yake. Mimi sina.
Nimetafsiri shuhuda nyingi. Nimekuwa mlevi, mganga, mwizi wa mbuzi, mjane aliyekata tamaa. Kila mara nimesema nimeokoka, na kila mara nimeshuka pale mbele nikiwa yuleyule. Nikifunga macho niombe, nasikia mashine ya kusaga ya jirani tu.
Nataka kumwamini Mungu. Sijui inafanywaje. Maneno yake ninayo yote, kwa lugha mbili.

Jumapili, 9 Machi
Sifa zilikuwa ndefu. Watu wanaruka, vumbi linapanda, mimi napiga makofi nikisubiri ziishe. Nikawaza jambo baya: hawa wanasifu kwa sababu hawajachoka.
Kisha nikamwona Mama Furaha. Alikimbia vita Kongo, sasa anabeba magunia ya muhogo pale mpakani. Mgongo umeharibika, hasimami tena kuimba. Anaimba akiwa amekaa, macho juu. Kwa hiyo nilichowaza ni uongo.
Baada ya ibada amenishika mkono. "Mutoto, mie niliokoka na mudomo yako." Akanishukuru. Nilitaka ardhi inimeze. Nilijiona kama mtu aliyempa mwenzake noti bandia.

Jumatano, 12 Machi
Baba amefika. Saruji haitoki kwenye kucha zake. Ameleta kuku hai wa Jumapili.
Nimetunga ushuhuda. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa jikoni, nikasikia moyo wangu unawaka. Ni mzuri. Nimeusema mbele ya kioo, kisha nikakigeuzia ukutani.
Nikisema ukweli Mama ataaibika mbele ya soko zima. Nikisema uongo nitaingia majini nao.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemfuata Mama Furaha mpakani, kati ya malori. Nikamwambia yote. Kwamba siku ile aliyookoka maneno hayakuwa yangu, mimi sijaokoka, labda na wokovu wake haukushika.
Ameweka gunia chini. Kwanza alicheka. "Unafikiri niliamini weye? Niliamini Yesu. Weye nilikuonea huruma tu, ulikuwa unatetemeka." Halafu: "Unaogopa nani, Mungu ao mama yako?"
Mama. Jibu hilo aliliona usoni mwangu. Ajenti wa mizigo akampigia kelele, akalibeba gunia lake akaenda.

Jumapili, 16 Machi
Nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Kanzu nyeupe, miguu matopeni. Mama mbele kabisa.
Nilianza. Ilikuwa Jumamosi. Nikakwama. Watu wakafikiri ni machozi, wakasema amina.
Nikasema kwa Kiswahili: Sina siku. Niliyoyasema kanisani yalikuwa ya watu wengine. Nataka kuokoka, lakini bado.
Waliotoka Kongo, waliokuwa wameelewa, wakaacha kusema amina. Pasta, ambaye Kiswahili hakijui, akageuka kunitazama, akingoja mkalimani. Mkalimani ni mimi. Ikabidi niyaseme tena yote kwa Kiingereza. Mara ya pili iliuma zaidi.
Pasta alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, akaniambia mimi peke yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akihubiri. Kwamba siku si kitu. Kwamba hakuna anayejiokoa kwa kusema vizuri wala kwa kuhisi sana. Mwombe Yeye, halafu umtegemee kuwa amefanya. Akaniambia nikae kando.
Halafu akaomba samahani, wengine walihitaji kutafsiriwa. Nikatafsiri hadi wa mwisho. Mama aliangalia mto muda wote.

Jumatatu, 17 Machi
Kuku wa jana aliliwa bila maneno.
Jana jioni nilibaki nje nasugua masufuria. Nikamwambia Mungu, kwa sauti ndogo: nimechoka kujaribu. Nimeshindwa. Niokoe Wewe, kwa ajili ya Yesu. Nakutegemea. Basi. Moyo haukuwaka. Nikachukua sufuria nyingine. Baada ya muda nikajisikia naimba, mimi nisiyeimba hata kanisani, wimbo wa sifa. Sikujua nilianza lini. Sikuacha.
Leo asubuhi bado nimechoka. Koo bado linauma. Lakini nilipoamka nilisema asante kabla ya kukumbuka kuwa na wasiwasi.
Mama ameniuliza kama nililala. Nikasema nililala. Akanituma nimpelekee Baba maji ya kuoga, gari lake la Hima linaondoka mapema.
Mama nitamwambia niliyoomba jana. Siku chache hizi nataka jambo hili liwe kati yangu na Mungu.