Vikapu vya Taa za Ofisi Mpya

Alhamisi, Kirushya

Baba Mungu, huko kwako najua ni salama. Huku kwangu kumechafuka.

Vile vikapu tulivyosuka kina mama vya kufunikia taa za ukumbi wa ofisi mpya ya serikali, leo Biharamulo wamewasha kimoja. Giza! Tumekaza kama vya kuwekea unga, hata punje ya ulezi haipiti.

"Mama Devota, legezeni mwanga upite," akasema yule dada mbunifu wa taa. "Kesho nisipopata jibu, naagiza vya plastiki."

Nikarudi kuwaambia wenzangu. Bibi Anastazia kasusa: "Nisuke matundu uzeeni, nionekane mvivu? Shetani ashindwe!" Na yeye akisusa, wote wanasusa.

Nimejaribu kulegeza mwenyewe. Vidole vinakaza tu.

Mlainishe Bibi, Baba, nami unilainishe vidole. Naomba unijibu mapema, kabla yule dada hajapiga simu.